Mama, Ile Nguo ya Sarafu Ilikuwa Yangu

Mama yangu mpendwa,

Leo sina zamu kazini. Neema yuko chekechea, baba yake yuko barabarani na lori, na nyumba imetulia. Nimejaribu kuianza barua hii mara nyingi. Kila mara naanza kwa kukusalimu vizuri, nakupa habari za baridi ya hapa Germantown, Marekani, nakwambia mjukuu wako sasa anaandika jina lake ingawa ile N huwa anaigeuza, halafu nafunga daftari na kwenda kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Leo nimeamua kuanza na jambo lenyewe. Ile nguo ilikuwa yangu. Hakukuwa na Mfilipino yeyote kazini kwetu aliyenipa kazi ya kushona. Nilikudanganya wewe kwanza, halafu nikawadanganya wengine juu yako, na hilo la pili ndilo limenikalisha hapa.

Wewe mambo haya unayajua. Lakini barua hii wataisoma na watu ambao hawakuwepo, kwa hiyo nivumilie nikisimulia yale uliyoyaona kwa macho yako.

Ulikuja mwezi wa kumi kunisaidia kulea, kama mama wa kila mmoja wetu hapa anavyokuja: ruhusa ya miezi sita, masanduku mawili, unga wa ulezi umefungwa ndani ya kanga ili maofisa wa uwanja wa ndege wasiuone haraka. Neema alikuwa na miaka miwili. Mimi nilikuwa natoka kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya matunzo, kuwainua, kuwageuza, kuwaogesha, nikirudi nashindwa hata kuinama kuvua viatu. Daktari alishaniambia nitafute mazoezi. Nikaenda kituo cha jamii kutafuta bwawa la kuogelea, nikapita kwenye mlango wa kioo, nikaona wanawake kumi na kitu, wembamba kwa wanene, wamefunga mitandio viunoni. Mbele yao mama wa miaka sitini hivi anatingisha tumbo kama hana mfupa hata mmoja. Nilisimama pale mpaka akanipungia mkono niingie.

Ni densi ya tumbo, ile ya Kimisri. Nilisema ni kwa ajili ya mgongo, na kweli mgongo ulipata nafuu. Lakini si mgongo tu, mama. Ule ulikuwa mwaka wangu wa sita hapa, na mwili wangu ulikuwa wa kuinulia wengine, na pale ndani kwa saa moja ulikuwa wangu mwenyewe. Naona haya hata kuliandika, mtu mzima mimi.

Yule mwalimu ana utaratibu wake: anayecheza mbele ya watu kwa mara ya kwanza, ashone nguo yake mwenyewe, nyumbani, kwa mikono yake. Anasema ukiishona unajua inakupwaya wapi, basi hutaogopa. Unachukua sidiria ya kawaida inayokukaa vizuri, unakata mikanda yake, unaitia kitambaa kigumu, unaifunika hariri, ndipo unashonea shanga na zile sarafu za bati zinazolia ukitembea. Mkanda wa kiunoni vilevile. Sketi ya shifoni, duara zima. Mimi, mtoto wa fundi, nikajiona nimeshafika. Nikatafuta cherehani kuukuu, nikaiweka kule chini karibu na mashine ya kufulia. Kumbe miaka yote niliyokaa pembeni ya cherehani yako pale Majengo, Moshi, nilikuwa nasoma vitabu tu, mikono yako sikuiangalia.

Ulikuwa na wiki mbili hapa ulipoikuta.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mwenzangu kazini," nikasema. Sikufikiri hata kidogo, ilitoka yenyewe. "Mfilipino. Anacheza densi, kaniomba nimshonee."

Ukaigeuza ndani nje, ukauvuta mshono kwa kidole gumba, nao ukaachia. "Na wewe ulitaka kumpa mtu kitu hiki?"

"Bado sijamaliza."

"Afadhali hujamaliza. Fumua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri. Miaka thelathini umeshona majoho ya kwaya ya usharika, nikadhani utaishika ile sidiria kama mtu aliyeshika panya. Wala. Uliiangalia kama kazi. Uliuliza kitambaa cha bitana kiko wapi, ukauliza kwa nini nimeshona shifoni kwa uzi mnene namna ile, ukavuta kiti. Na mimi nikakaa na uongo wangu, kwa sababu sasa ulikuwa unafanya kazi nzuri na mimi nilikuwa nafundishwa.

Ukasema nimlete umpime. Nikasema yuko na shughuli nyingi, ila umbo lake ni langu kabisa, tunaazimana hata sare. Ukanitazama kidogo. "Haya, simama wewe." Ukazungusha tepu kifuani, kiunoni, kwenye nyonga, pini zimejaa mdomoni. "Usijibane. Nguo ya kuchezea haipimwi mtu akiwa amejibana." Halafu ukauliza, ukiwa umeinama, sikuuona uso wako: "Huyo mwenzako ana mtoto?"

"Anaye mmoja."

"Mmh," ukasema, ukaandika vipimo kwenye bahasha.

Majuma yale yalikuwa mazuri, na ndiyo maana yananiuma. Neema amelala mchana, sisi tuko chini, mashine ya kufulia inazunguka, wewe unapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwanza, mimi nashonea sarafu. Ulinikataza kuzitunga kwenye uzi mmoja mrefu. Ulitaka kila sarafu iwe na fundo lake, ili ikichomoka moja zisimwagike zote mtu akiwa mbele za watu. Siku moja ukaufunga ule mkanda juu ya kitenge chako, ukapanda ngazi nao kwenda kuzima jiko, unalia chwi chwi chwi kila hatua, na uliporudi ukasema, "Kwetu huyu mwenzako angealikwa kila harusi, asingekaa nyumbani." Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mama, na mimi nikainama kunyonya kidole.

Sasa niieleze ile Jumamosi ya mwezi wa pili.

Ibada yetu ya akina mama huzunguka nyumba kwa nyumba, na zamu ilikuwa yangu. Wageni wa hapa tunawajua: viatu vinavuliwa mlangoni, makoti yanapelekwa juu, yanarundikwa kitandani kwa mwenye nyumba. Wewe asubuhi ile ulikuwa umemaliza mkanda na sidiria ukavilaza kitandani kwangu, kwa sababu ukivitundika uzito wa sarafu unavuta kitambaa. Uliniambia. Nakumbuka kabisa uliniambia, na mimi niko na pilau jikoni nikasema sawa bila kusikia. Saa nane wakaanza kuingia, nami nikawa napaza sauti kutoka jikoni, makoti pelekeni juu, makoti pelekeni juu.

Ibada ilikwenda vizuri. Ulisoma somo wewe, watu wakasifu sauti yako. Tulikula. Wakati wa kuondoka, Mama Glory akapanda kuchukua lake. Mama Glory ni mwenyekiti wetu. Ndiye aliyenipokea mimi nchi hii, akanipa koti la kwanza la baridi, akanipeleka kwa mkono wake kuomba kazi ninayoifanya mpaka leo. Sisemi haya ili nimpambe. Nasema ili ijulikane nilikuwa namwogopa kwa sababu nampenda, na nilitaka aendelee kuniona vile anavyoniona.

Tukasikia sarafu zinashuka ngazi. Tulidhani ni Neema na vitu vyake vya kuchezea. Alikuwa Mama Glory, na koti lake la kufuma, na mkanda mzima umenasa kwenye nyuzi za mgongoni, unaburuta nyuma yake. Yeye mwenyewe hakujua mpaka alipofika chini akageuka. Mwingine akapanda kuangalia, akarudi na sidiria, kaishika kwa vidole viwili.

"Mama Neema," Mama Glory akasema taratibu tu, "hivi ni vya nani?"

Wanawake kumi na mmoja walinigeukia. Wewe ulikuwa kwenye kochi, mtoto mapajani.

Nikasema, "Ni vya mama. Anawashonea watu."

Ningeishia hapo labda ningeweza kuishi nalo. Ungekuwa uongo nusu, maana kweli ulishona. Lakini niliwaona hawajaridhika, nikaongeza. Nilisema, "Nimeshamwambia mara ngapi kazi za namna hii asiniletee ndani ya nyumba yangu." Hivyo hivyo, mama, na kichwa nikatikisa, kama binti aliyechoshwa na mzee mkaidi. Kazi uliyoikuta kwangu, uliyoifumua na kuishona upya kwa sababu ulionea huruma mikono yangu.

Ukamshusha mtoto. Ukasema, "Ni kweli. Ni kazi yangu. Mnisamehe, sikufikiri."

Mama Glory hakukugombeza. Alisema maneno ya upole, kwamba mji huu una vishawishi vingi na mtu mgeni hawezi kuvijua vyote, kwamba mikono iliyoshona majoho ya Bwana isishone mavazi ya kuonyesha uchi. Akaomba uombewe. Ukapiga magoti kwenye zulia langu, na magoti yako yale ya kuvimba, mwanamke wa miaka sitini na saba, na wanawake ambao wengine ungeweza kuwazaa wakakuwekea mikono kichwani. Mimi nikasimama karibu na meza ya chakula. Walipomaliza nikasema amina, na niliisema kwa sauti.

Wakaondoka. Ukaosha vikombe. Nilikuwa nakungojea unitukane. Ukasema tu, "Zimechomoka sarafu mbili. Kesho nitazirudishia."

Na ukazirudishia. Ukamaliza na sketi. Mwezi wa nne ulipoondoka uliiacha kabatini kwangu, imekunjwa ndani ya kanga. Kule uwanja wa ndege ulinikumbatia kama kawaida. Ukaniambia nile, nimekonda.

Tulicheza mwezi wa sita, kwenye kile kituo cha jamii, mbele ya waume za watu na watoto na viti vya plastiki. Nilipokuwa navaa ndipo nikaelewa. Mkanda ulikuwa mpana mbele kuliko mchoro wa mwalimu, vidole vitatu zaidi, umepinda chini kidogo. Nilidhani ulikosea. Nilipoufunga ukafunika kovu langu la upasuaji wa kumzaa Neema, lote, kuanzia upande huu mpaka ule, bila kubaki hata kidogo. Mfilipino gani angekuwa na kovu hilo, mahali hapo, urefu huo? Uliniogesha wewe mwenyewe siku mbili baada ya kufika, nilipopatwa na homa. Ulijua tangu siku ya tepu. Kwa hiyo siku ile pale sebuleni, nilipokusukumia, ulijua kwamba ni uongo, na ukaubeba ukijua.

Wiki ile ulipiga simu. "Yule mwenzako, nguo ilimkaa?"

"Ilimkaa, mama."

"Kiunoni haikumbana?"

"Haikumbana."

"Vizuri. Mwambie apige picha, unitumie nione."

Sikukutumia. Picha ninazo, kumi na nne, nimecheka ndani ya zote. Ukauliza tena baada ya mwezi, nikasema yule mwenzangu amehama kazi. Ukasema haya. Hukuuliza tena. Na mwaka uliofuata, kabla ya Krismasi, presha ikapanda, ukaanguka jikoni kwako, ukaondoka siku ya tatu.

Sikuja kukuzika. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado kwenye foleni, nikitoka nisingerudi kwa mtoto. Akina mama wakanifanyia ibada ya maombolezo hapa, wakapika, wakaimba, hawakuniacha hata siku moja, lazima niseme hivyo. Simu ikawekwa mbele kwenye kitabu cha nyimbo ili na nyumbani waone, kina mama mdogo, kaka, na wanakwaya wako. Mama Glory akasimama kutoa ushuhuda. Alitaka kukusifu. Akasema Bibi Neema alikuwa mnyenyekevu wa kweli, alikutwa ameteleza akishona nguo za wacheza uchi, akakosolewa na watu wadogo kwake, na hapo hapo akapiga magoti. Akasema na sisi tukikosolewa tuwe hivyo. Watu wakaitikia. Kule Moshi nao walikuwa wanasikia kila neno, nikaona kwenye simu mtu anamgeukia mwenzake. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nimevaa nyeusi, na kitu pekee nilichotakiwa kufanya ni kusimama.

Baada ya wiki mama mdogo akapiga. "Aika, hizo nguo dada alikuwa anashona lini? Watu wananiuliza."

Nikasema sijui.

Nimejaribu, usidhani sijajaribu. Mwezi uliopita nilimfuata Mama Glory mpaka kwenye gari lake baada ya ibada, nimekusudia kabisa, nikaishia kumuuliza kama amebadilisha matairi. Akanishukuru kwa kumjali.

Sasa Alhamisi mama mdogo amenitumia ujumbe. Mwezi huu wanakuwekea msalaba kaburini. Kwaya walikuwa wamekubaliana kuja na yale majoho uliyowashonea, ya bluu yenye kola nyeupe. Wanne wamesema hawatayavaa. Wanasema hawajui ile mashine ilikuwa inashona nini kingine. Mama, mashine yako. Uliyowashonea watu wa nusu mtaa sare za shule ukiwaambia watalipa wakipata.

Kwa hiyo barua hii siifungi kwenye bahasha. Nikimaliza kuandika jina langu naipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, naituma kwenye kundi la akina mama wa hapa na kundi la ukoo wetu, kabla sijakumbuka kwamba nina vyombo vya kuosha.

Mama Glory, unayesoma: ile nguo ni yangu. Niliianza mwenyewe, nacheza nayo mwenyewe, na mama yangu hakuteleza popote. Ukitaka kuniondoa kwenye zamu za ibada niondoe, nitaelewa. Kama kuna wa kuombewa, nipo. Ila nakuomba jambo moja. Ulimsema mama yangu mbele ya simu ile, watu wa kwao wakisikia. Simama tena useme ulidanganywa, na useme ni nani aliyekudanganya.

Wanakwaya, mama zangu: vaeni majoho yenu. Mikono iliyoyashona haikuwa na kosa.

Kuhusu densi sijui nikwambie nini, mama. Nitaendelea. Mgongo wangu unaihitaji, na nikisema ni mgongo tu nitakuwa nimeanza tena.

Kuna kitu nimekiruka huko juu. Nimekiruka makusudi, kwa sababu ndicho nisichoweza kukitazama. Walipokuwekea mikono na kuanza kuomba, wote walikuwa wamefumba macho. Mimi sikufumba. Na wewe, katikati ya ile mikono, ukafumbua yako, ukanitafuta mpaka ukaniona pale mezani, ukanitikisia kichwa kidogo, nisiseme kitu. Ulidhani nataka kukutetea. Na mimi, mama, wala sikuwa nimefikiria.

Pumzika salama. Nimesema sasa, nimechelewa sana.

Ni mimi, binti yako,
Aika